Mwimbishaji Aliyetaka Asahauliwe

Jina lake nalijua, ila silitaji. Hakuna siri hapo. Mwenyewe hakupenda jina lake likae midomoni mwa watu, na mimi, ambaye jina langu nimelichoma kwa chuma cha moto ubavuni mwa kila mtumbwi niliouchonga, ilinichukua miaka kuelewa mtu wa namna hiyo. Bondeni kwetu, kuanzia Ifakara hadi Malinyi, tulimwita Mwimbishaji. Waimbaji walikuwepo wengi, kila harusi na wake. Huyu kazi yake ilikuwa kukufanya wewe uimbe.

Shule mimi niliiacha darasa la pili. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, na atakayeona maneno yangu yamepinda anaweza kuyanyoosha mwenyewe. Ninayoyaandika niliyaona.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru na kabla ya reli, mto Kilombero ndio ulikuwa barabara yetu. Mimi nilikuwa mtu wa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Nilikuwa nasimama nyuma, nachoma mti kwenye tope, nasukuma, nauchomoa. Maji yakijaa, bonde lote linageuka mto mmoja ambao hauna ng'ambo. Unasukuma mtumbwi juu ya mahali ulipolima mwaka jana. Asubuhi kuna ukungu, huoni maji yanapoishia wala mbingu inapoanzia, na kibanda kilichosimama juu ya nguzo kinaonekana kama kimetundikwa hewani na mtu aliyekisahau. Ndani ya ukungu huo ndimo Mwimbishaji alimokuwa akitokea. Sikuwahi kumwona akija kwa mbali. Unasikia kikohozi kwanza, halafu unamwona amesimama ukingoni, mrefu, mabega yameteremka, mfuko wa ngozi ya mbuzi kifuani na zeze lake la kibuyu ndani yake.

"Bwana Upondo," ananiita. "Leo mto umeamkaje?"

"Mto hauamki, mjomba. Panda."

Hakumwita mtu kwa jina. Mimi Bwana Upondo, mwanamke wa kuuza vitumbua kivukoni Mama Moshi, katekista wa Malinyi Bwana Kengele. Mwanzoni niliona dharau. Baadaye nikagundua kwamba kila aliyemwita hivyo alikuwa anamkumbuka kwa kazi yake, na kazi ya kila mtu aliijua vizuri. Hata yeye hakuwa akiitwa jina jingine isipokuwa lile la kazi tulilompa sisi.

Alikuwa mtu wa milimani, huko juu Uchindile, ambako maji yanapita haraka yakiwa na shughuli zake. Labda ndiyo maana maji yetu yaliyolala yalimshangaza kila mwaka kama mgeni. Na aliyaogopa. Hapa watu huwa hawaniamini. Mtu aliyetunga nyimbo za mto, za kambare anayepumua matopeni, za kiboko anayefungua kinywa kama mlango wa ghala, alikuwa hajui kuogelea, na akiwa mtumbwini alishika kingo mbili mpaka vidole vikawa vyeupe. Kiboko wa kweli akikoroma matetini, alifumba macho.

"Nyie watu wa milimani," nilimtania, "hata maji ya kunawa mnayaogopa."

"Namwogopa ninayemheshimu," alijibu, macho bado yamefumbwa. "Ameshapita?"

"Ameshapita."

"Alitoa sauti gani mara ya mwisho? Ile ya chini, irudie."

"Mimi nirudie sauti ya kiboko?"

"Wewe umemsikia. Mimi nilikuwa naogopa."

Ndivyo alivyofanya kazi. Aliokota sauti kwa watu. Alimuuliza mvuvi perege akitoka kwenye wavu anapiga mkia namna gani, na mvuvi mtu mzima alijikuta anapiga paja lake kwa kiganja, haraka haraka, watoto wake wakicheka. Alimuuliza bibi kizee upepo ukipita kwenye mpunga ulioiva unasemaje na ukipita kwenye mpunga mbichi unasemaje. Bibi akafikiri, akasema, "Mbichi unanong'ona. Ulioiva unagombana." Mwezi uliofuata maneno hayo yalikuwa ndani ya wimbo, na kijiji cha yule bibi walidai ni wimbo wao. Mwimbishaji hakubisha. Alitikisa kichwa kama mtu aliyerudisha kitu alichoazima.

Wimbo hakuuanzisha mahali popote kabla hajazunguka. Anafika kijijini, anasalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, halafu anakwenda kukaa karibu na wanaotwanga. Anasikiliza mchi. Anasikiliza mama anavyoita mbuzi. Ukimtazama utasema ni mvivu, na mimi nilisema, tena mbele yake. Jioni, watu wakishakusanyika, anawagawa. Ambao milango yao inatazama mto, huku. Ambao milango yao inatazama milima, kule. Anawapa hawa mstari, anawapa wale jibu, na yeye mwenyewe anashusha sauti pole pole mpaka humsikii tena, unasikia kijiji tu. Hapo anaweka zeze chini na kuanza kula.

Alikuwa anakula, huyo mtu. Perege wa kuchoma aliwamaliza na miba. Kambare hakumgusa, akasema hawezi kumla aliyemtungia wimbo.

Kitu alichokichukia ni msikilizaji. Mtu akikaa na mikono kifuani, anamwendea mpaka puani.

"Na wewe, unamsubiri nani?"

"Nakusikiliza wewe, mzee."

"Mimi si mahindi, usikae kunitazama niive. Itikia."

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wa mikono kifuani. Sauti yangu ni ya kuita mtu ng'ambo ya mto, haina kazi nyingine. Kila aliponijia nilimwambia kazi yangu ni upondo. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda kwa mwingine. Hakunilazimisha. Ila kila mwaka alirudi kuuliza.

Siku moja maji yakiwa yametulia kabisa, mawingu juu na mawingu chini na sisi katikati, aliachia ukingo mmoja wa mtumbwi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akageuka kunitazama.

"Bwana Upondo, nikuambie kitu ninachokitaka kabla sijafa?"

"Sema."

"Nataka siku moja nipite mahali, nikute watu wanaimba wimbo wangu, na asiwepo hata mmoja anayejua kuwa ni wangu."

Niliacha kusukuma. "Hilo ndilo ombi?"

"Ndilo."

"Watu wanaomba ng'ombe. Watu wanaomba mke. Wewe unaomba udhulumiwe."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kilimshika sana siku hiyo. Kilipomwachia alifuta mdomo. "Unasikia hiki? Koo hili haliendi mbali. Kila ninapokwenda wananiambia, karibu, tulikusubiri uje utuanzishie. Wananisubiri mwaka mzima. Sasa koo likifunga, watasubiri nini? Watakaa wanasimulia kwamba palikuwa na mtu mmoja anaimba vizuri. Mimi hadithi hiyo siitaki. Nataka wimbo utembee wenyewe, wakati mimi bado nina masikio ya kuusikia."

Nilitazama ubavu wa mtumbwi, jina langu lilivyokaa pale, jeusi, limenyooka, nikaona huyu mtu hana akili sawasawa. Lakini tangu siku hiyo nilijikuta kila ninapomvusha nauliza, "Bado?" Naye anajibu, "Bado." Ikawa ndiyo salamu yetu.

Watu walimdai mambo wasiyoyaelewa. Yule katekista, Bwana Kengele, alimwomba awafundishe kwaya wimbo wa Pasaka. Akakubali, maana alikuwa muumini mzuri, tena wa kupiga magoti muda mrefu kuliko wenye kanisa. Siku yenyewe kwaya ilianza vizuri. Mstari wa pili Mwimbishaji akageukia waumini. Mstari wa tatu akageukia waliosimama nje dirishani, wakiwemo Waislamu wawili waliokuja kuuza samaki na kusimama kivulini tu. Wote wakaitikia. Katekista alimfuata baada ya misa.

"Nilikuomba kwaya, si mnada."

"Kwaya ilikuwa ndogo," Mwimbishaji akasema.

"Kwaya ni wale niliowachagua."

"Na mimi nilidhani ni wale wenye midomo."

Hawakusemezana msimu mzima. Msimu uliofuata katekista ndiye aliyemtafutia pa kulala. Huyu mtu ukimkasirikia ilikuwa lazima ukae mbali na nyimbo zake, na nyimbo zake ulizikuta kisimani.

Lakini kosa lake kubwa, ambalo lilifanya bonde zima limgeuke, lilikuwa la ndege.

Asiyelima mpunga huenda hajui. Maji yakianza kurudi mtoni, mpunga unasimama, halafu unatia maziwa. Ukibonyeza punje inatoka nyeupe. Hapo ndipo kweleakwelea wanakuja. Ni ndege mdogo, ukimshika mmoja anajaa kiganjani na unamhurumia. Wakija wote wanakuwa wingu, na wingu likitua shambani linaondoka na chakula chako. Kwa hiyo sisi tunahama nyumbani na kwenda kuishi mashambani, kwenye madungu, yale majukwaa ya nguzo yenye paa dogo la nyasi. Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama unakaa juu ya dungu, unapiga debe, unavuta kamba zenye makopo, unarusha tope kwa kombeo, unapiga kelele. Ndege haondoki kwa sababu anakuogopa. Anaondoka kwa sababu hapati nafasi. Dungu hili likichoka, la jirani linapokea. Pakitokea kimya, hata kidogo, anatua.

Mwaka wa kwanza Mwimbishaji kuja madunguni, alifikia dungu la Mama Felista, mjane, ambaye shamba lake lilikuwa katikati ya mengine yote. Alipanda ngazi akiwa anatetemeka kama kawaida yake. Mchana, joto limekaa juu ya mpunga na hewa inacheza, alitoa zeze akaimba. Peke yake. Sijui alipitiwa na nini. Labda ni ule ukijani uliofika mpaka milimani. Aliimba wimbo wa dudumizi, yule ndege wa kahawia anayelia matetini kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu, sauti inateremka, inateremka, mpaka unadhani kibuyu kimekwisha, halafu inaanza tena juu. Mimi nilikuwa nimeleta mtumbwi wa kuni, nikaufunga nguzoni nikabaki hapo hapo. Dungu la kulia waliacha debe. Dungu la kushoto wakaacha kamba. Wa mbali waliteremka na kusogea wasikie vizuri. Watu wazima, wenye mashamba, walisimama tope magotini, midomo wazi. Nimeona mengi, lakini ule utulivu sijauona tena. Ilikuwa kama bonde zima limelala na macho yako wazi na sote tunaota ndoto moja.

Ndege wakatua.

Hatukuwaona wakija. Tuliwaona wakiruka, na waliporuka shamba la Mama Felista lilikuwa limebaki mabua katikati na pembe moja tu nzima. Mashamba mengine yaliumwa kingo. La kwake ndilo lililoliwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Felista aliteremka, akatembea ndani ya mpunga wake akigusa masuke matupu kwa kiganja. Alirudi akasimama chini ya dungu, akamtazama Mwimbishaji aliyekuwa bado juu na zeze mkononi.

"Baba," akasema, "umeimba vizuri sana. Wote tumesikia, mpaka ndege. Sasa niambie, wanangu nitawapikia ule wimbo?"

Wanaume walisema aondoke. Mzee wa mashamba, ambaye ndiye aliyegawa zamu za madungu, alisema asikanyage tena bondeni mpunga ukiwa na maziwa, yeye wala zeze lake, na kama ni kuimba akaimbie kokoto za kwao. Mimi nilikuwa nimeshafungua kamba ya mtumbwi, tayari kumpeleka. Mwimbishaji alikuwa ameteremka, hajitetei. Alishika zeze kama mtu anayetaka kulitupa mtoni na anaogopa kuusogelea mto.

Mama Felista ndiye aliyekataa.

"Haendi popote. Amenilia shamba akalilinde lililobaki. Mimi nitakwenda kulima vibarua. Yeye atakaa kwenye dungu langu mpaka nivune."

"Huyu?" mzee akasema. "Huyu hajawahi kukaa mahali wiki."

"Ndiyo ajifunze makalio yanavyouma."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Akakaa. Mtu ambaye miaka yote aliondoka kabla majivu ya moto wake hayajapoa, alikaa juu ya nguzo katikati ya maji aliyoyaogopa, analinda kipembe cha mpunga wa mtu. Siku za kwanza hakuimba kabisa. Alipiga debe, na kulipiga hajui. Niliyekuwa nampelekea ugali wake nilimkuta amenyamaza, ametazama madungu yalivyosimama mbalimbali ndani ya ule ukijani, kila moja na mtu wake, kila mtu anapiga kelele zake.

"Unaona wanavyochoka?" akaniuliza. "Kila mmoja anapiga kelele peke yake."

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na mimi niliwaimbia kama mwenye duka. Mimi nauza, wao wanatazama. Nimefanya kile kile ninachowakataza." Akakohoa. "Wimbo wa kusikilizwa hapa ni sumu, Bwana Upondo. Hapa unatakiwa wimbo ambao hauna nafasi ya mtu kunyamaza."

Akautunga akiwa hapo. Aliuchukua mteremko ule ule wa dudumizi, akaukata vipande. Dungu moja linauliza, la pili linajibu, na kabla jibu halijaisha la tatu linauliza tena, kati yao debe. Ulienda hivi:

*Mto, umekuja na nini?*
*Na tope, na tope, na tope laini.*
*Mto, umeondoka na nini?*
*Na nyayo, na nyayo, na nyayo zangu.*

Nilimuuliza nyayo zimeingiaje humo. Alinionyesha chini ya ngazi. Kila asubuhi alikuwa anateremka kunawa, anaacha alama za miguu kwenye tope, na jioni maji yalikuwa yameshapita juu yake, tope limekaa sawa kama hakuteremka mtu. Alisema hajawahi kukaa mahali kiasi cha kuona nyayo zake zikifutika. Siku zote alikuwa ameshaondoka.

Jirani wa kulia alikuwa wa kwanza kujibu, kwa kejeli. Wa kushoto alijibu kumkejeli wa kulia. Baada ya siku chache wimbo ulikuwa unazunguka mashamba yote kama mtu anayetembea kwa miguu, unausikia unaondoka, unapotelea huko kwenye ukungu, halafu unarudi kwa upande mwingine. Ndege walikuja, wakazunguka juu, hawakupata pa kuweka miguu. Kile kipembe cha Mama Felista kilivunwa chote, na majirani, bila kuambiwa na mzee wa mashamba, walipita na vikapu vyao wakamwongezea mpaka kipembe kikaonekana shamba. Mwimbishaji alibeba mizigo ya mpunga mtumbwini kwa miguu yake ndani ya maji, macho ameyafumba.

Siku alipoondoka nilimuuliza, "Bado?"

"Bado," akasema. "Huu wananijua nao. Wataniita Baba wa Ndege."

Na kweli walimwita hivyo kwa muda.

Miaka iliyofuata koo lilizidi kufunga. Alikuja, akaanzisha kwa sauti ya mkwaruzo, watu wakamwonea huruma, na huruma ndiyo aliyoichukia kuliko msikilizaji. Nikaona anaacha vijiji. Kwanza aliacha vya mbali, kisha vya karibu. Halafu msimu ukaja hakutokea kwenye ukungu. Nilimtazamia. Nilikuwa nimeshakuwa na mitumbwi kadhaa na watu wa kuisukuma, sikuwa na sababu ya kusimama kivukoni asubuhi, lakini nilisimama.

Mara ya mwisho nilimkuta kwa bahati, huko juu upande wa Malinyi, mwishoni mwa mafuriko. Amekaa juu ya mfuko wake ukingoni, mwembamba kuliko upondo, anataka kushuka Ifakara hospitali. Sauti ilikuwa imekwenda. Si kwamba ilikuwa ndogo; haikuwepo. Alifungua mdomo ukatoka upepo.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

Akainua mkono. Nilimpeleka mwenyewe, nikamwacha kijana wangu wa kazi na mtumbwi mwingine. Maji ya kati yalikuwa na nguvu, kwa hiyo nilikata kupitia vijito vya upande wa Chita. Huko Mwimbishaji hakuwahi kuimba. Njia yake siku zote ilikuwa ng'ambo ya pili. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujainuka. Mpunga ulikuwa umesimama kulia na kushoto, unagusa mtumbwi, na kila suke lilikuwa na umande. Mwimbishaji alikuwa ameshika kingo zote mbili, kama zamani.

Nikamuuliza, kwa mazoea tu, "Bado?"

Aliinua kidole. Nikadhani kiboko, nikaacha kusukuma.

Mbele yetu, ndani ya weupe ule, sauti ya mwanamke iliuliza mto umekuja na nini. Kushoto, mbali, wakajibu. Debe. Kulia wengine wakadaka. Wimbo ulitupita juu ya vichwa ukaenda zake, ukazunguka, nikausikia unarudi nyuma yetu. Ule mteremko wa dudumizi ulikuwepo bado, ila walikuwa wameuharakisha, wameongeza kishindo mahali ambapo yeye aliweka pumziko.

Mtumbwi uliteleza wenyewe mpaka tukaliona dungu. Juu yake mwanamke kijana, mtoto mgongoni, kamba za makopo mkononi. Mwimbishaji alikuwa ameachia kingo. Zote mbili. Mdomo wake ulikuwa unakwenda. Alikusanya upepo wote uliobaki kifuani na ukatoka mkwaruzo, kitu kama mlango mkavu: *na nyayo, na nyayo.*

Mwanamke akatuinamia. "Shikamooni. Babu, unakosea."

"Anakosea nini?" nikauliza, na nilikuwa nimeanza kukasirika.

"Siyo nyayo. Ni ndege. Mto umeondoka na ndege, na ndege, na ndege wote. Nani anafukuza nyayo?"

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Nani atufundishe? Huu si wimbo wa mtu, ni wa bonde. Bibi zetu walikuwa wanauimba." Bibi yake hakuuimba. Wimbo ule ulikuwa mdogo kuliko yeye aliyesimama pale. "Babu katokea milimani nini? Huko hawana mpunga, atakuwa kasikia vibaya."

Nilivuta pumzi. Nilitaka kumwambia mama weee, unajua unayemsahihisha ni nani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mimi ni mtu wa kuandika jina kwenye mbao. Mkono wa Mwimbishaji ukashika upondo wangu, chini ya mkono wangu, ukaubana. Nilimtazama. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye ule uso uliokauka, naye anatikisa kichwa taratibu: usiseme. Alikuwa anacheka. Hakukuwa na sauti, mabega tu.

Nikalimeza. Lilinikwaruza kwenda chini.

Mwimbishaji akamgeukia yule mwanamke, akainamisha kichwa kama mwanafunzi, akarudia kwa ule upepo wake, *na ndege, na ndege, na ndege wote.*

"Ee, sasa umeupata," mwanamke akasema. Akavuta kamba, makopo yakalia. "Na wewe wa upondo, mbona umefunga mdomo? Au huko mtokako wanaume hawali wali? Pakiwa kimya wanatua hapa."

Mbali kushoto waliuliza mto umeondoka na nini. Ilikuwa zamu ya upande wetu. Yeye hakuwa na sauti, na mwanamke alikuwa ananitazama, anangoja, na juu ya ukungu nilisikia mabawa.

Nikaitikia. Ilitoka kama ninavyoita mtu ng'ambo ya mto, kubwa na mbaya, mtoto mgongoni akashtuka akalia. Lakini waliidaka kulia, wakaipeleka. Nikasukuma. Nikaitikia tena pale zamu iliporudi, na pale tena, hadi madungu yakabaki nyuma na ukungu ukaanza kuinuka. Mwimbishaji alikuwa amelaza kichwa kwenye mfuko wake, mkono mmoja nje ya mtumbwi, ndani ya maji, hadi kwenye kiwiko, kama mtu asiyeogopa kitu.